Udongo wa Tendaguru: jinsi bafa ya pikseli ilivyoingizwa katika injini ya mchezo kwa plagini

Mchezo unaojadiliwa hapa unatengenezwa mjini Lindi na kikundi kidogo cha vijana, nami nikiwamo. Mchezaji hupewa kipande cha kilima cha Tendaguru, kilicho takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji, akafukua mifupa ya dinosaria kama walivyofanya mamia ya wenyeji walioajiriwa na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913. Wanahistoria huwataja zaidi Werner Janensch na Edwin Hennig, waliouongoza msafara huo. Sisi tulitaka mchezaji awe upande wa wale walioshika majembe, kisha wakaibeba mizigo ya mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ili isafirishwe kwenda Berlin. Kutokana na uamuzi huo, udongo ukawa ndio mhusika mkuu. Ilibidi uanguke unapochimbwa chini yake, ujikusanye kuwa kichuguu, uporomoke pembeni na kuufukia mfupa tena iwapo mchimbaji ana pupa.

Udongo wa namna hiyo hujengwa chembe kwa chembe. Uwanja wa mchezo wetu una upana wa chembe 320 na kimo cha chembe 180, yaani nafasi 57,600, na kila nafasi inaweza kuwa hewa, mchanga, udongo mwekundu, jiwe au mfupa. Kanuni yenyewe ni fupi: chembe ikikuta nafasi tupu chini yake hushuka, isipokuta, hujaribu kushuka kwa mshazari, kushoto au kulia, ikishindwa, hutulia. Kanuni hiyo haikutusumbua hata kidogo. Kilichotusumbua ni namna ya kuifikisha picha ya chembe hizo kwenye skrini kupitia injini ya mchezo, yaani programu ya msingi ambayo mchezo hujengwa juu yake, ambayo haikuundwa kwa kufikiria pikseli mojamoja.

Injini tuliyoichagua ni Bevy, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust na kutolewa kwa umma mwaka 2020, ikiwa huru kutumiwa na kurekebishwa na yeyote. Katika Bevy kila kitu ni huluki yenye vijenzi vyake: mahali ilipo, picha yake, kama inaonekana au imefichwa. Mifumo, ambayo kwa hakika ni vitendakazi vya kawaida, hupita juu ya huluki hizo katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, na kuzibadili. Mpangilio huo unafaa sana kwa mchezo wenye wachezaji, maadui na risasi. Ukitaka kuchora uwanja mzima wa chembe kwa njia hiyo, kila chembe inakuwa huluki yenye spraiti yake, yaani picha yake ndogo bapa. Kijenzi cha mahali peke yake kina nambari 3 za nafasi, 4 za mzunguko na 3 za ukubwa, yaani nambari 10 zisizopungua baiti 40, ilhali kitu tunachotaka kukijua kuhusu chembe hiyo ni rangi tu, ambayo hutosha katika baiti 4. Juu ya hapo, spraiti zote hukusanywa, hupangwa kulingana na iliyo mbele na iliyo nyuma na kupelekwa upya kwenye kadi ya michoro katika kila fremu. Kompyuta nyingi tunazozitarajia kwa wachezaji wetu ni laptopu za mitumba zenye michoro iliyounganishwa ndani ya kichakataji, na mzigo huo ulizilemea mara moja. Chembe ya mchanga wala haina habari za kuzunguka. Kuipa kila chembe nambari nne za kuzungukia ni kupoteza kumbukumbu bila sababu.

Mbadala unaojulikana tangu zama za kompyuta ndogo za miaka ya 1980 ni bafa ya fremu: safu moja ndefu ya baiti katika kumbukumbu, kila pikseli ikiwa na baiti 4 za nyekundu, kijani, bluu na uwazi, ambayo programu huijaza itakavyo kisha huikabidhi kwa skrini nzima kwa mkupuo. Pikseli iliyo safu ya x na mstari wa y huanzia kwenye baiti inayopatikana kwa kuzidisha y kwa upana, kujumlisha x, kisha kuzidisha yote kwa 4. Kwa uwanja wetu, bafa nzima ni baiti 230,400. Kwa fremu 60 katika sekunde, hiyo ni chini kidogo ya megabaiti 14 kwa sekunde, kiasi ambacho hata laptopu dhaifu hukipitisha bila kutokwa jasho.

Swali lililobaki lilikuwa ni wapi bafa hiyo ikae, na hapa ndipo kikundi kilipogawanyika.

Njia ya kwanza ilikuwa kubaki ndani ya kitengo cha uchoraji cha Bevy: kutengeneza rasilimali ya picha yenye upana wa 320 na kimo cha 180, kuibandika kwenye spraiti moja kubwa, na kubadili baiti zake katika kila fremu. Faida yake ni kwamba vitufe, maandishi na kamera za injini vinaendelea kufanya kazi. Hasara yake ni kwamba injini haioni kuwa umebadili pikseli chache; inachokiona ni kwamba picha imebadilika, hivyo katika toleo tulilolitumia iliiandaa upya tekscha nzima, yaani nakala ya picha iliyo upande wa kadi ya michoro. Kwa picha ndogo kama yetu, jambo hilo linavumilika. Njia ya pili ilikuwa kukizima kabisa kitengo cha uchoraji cha Bevy, kubaki na huluki, mifumo, saa na usomaji wa kipanya na kibodi, kisha kukabidhi kazi ya kuchora kwa maktaba nyingine iitwayo pixels. Maktaba hiyo nayo ni ya Rust, imejengwa juu ya wgpu, ambayo ndiyo Bevy yenyewe huitumia kuzungumza na kadi ya michoro kwa njia ya Vulkan, Metal au DirectX 12 kutegemea kompyuta. Inakupa safu ya baiti, unaijaza, unaiambia ionyeshe, basi.

Tulichagua ya pili. Sababu iliyoamua haikuwa kasi, ingawa kasi ndiyo iliyoleta ubishi mrefu. Ilikuwa ni umiliki wa dirisha. Dirisha moja lina uso mmoja wa kuchorea, na vitengo viwili vya uchoraji haviwezi kuushika kwa wakati mmoja: kila kimoja hutaka kuusanidi, kuchukua fremu inayofuata na kuionyesha. Baadhi yetu walidhani pixels inaweza kuongezwa juu ya Bevy iliyo kamili, mchanga ukachorwa na hii na vitufe vikachorwa na ile. Haiwezekani bila kuandika upya sehemu kubwa ya mojawapo. Anayeanza kazi ya aina hii na aulize kwanza nani mwenye dirisha, kwa maana jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Mchezo ambao ulimwengu wake wote ni chembe hauna haja ya mwenye dirisha anayejua kamera za pande tatu, taa na vivuli.

Plagini katika Bevy ni kitu chepesi: aina moja yenye kitendakazi kimoja kinachopokea programu nzima na kuiongezea rasilimali (data inayotumiwa na mifumo yote), mifumo na ratiba (makundi ya mifumo inayoendeshwa kwa zamu). Yetu ilipaswa kufanya mambo machache tu, lakini la kwanza lilikuwa na mtego. Kitendakazi hicho huitwa programu inapojengwa, kabla mzunguko wa matukio haujaanza, na wakati huo dirisha halijakuwapo. Maktaba ya pixels haiwezi kuzaliwa bila dirisha, kwa kuwa inahitaji ukubwa wake na kishikio chake. Hivyo plagini haiitengenezi bafa wakati wa kujengwa. Huandikisha tu mfumo unaongoja dirisha litokee, ndipo bafa iundwe na kuwekwa kama rasilimali. Mifumo mingine yote inayoigusa bafa huandikwa kwa kukubali kwamba huenda bado haipo, na ikiwa haipo hurudi kimyakimya. Mfumo unaoiunda bafa pia hulazimika kuendeshwa kwenye uzi mkuu, yaani mkondo mkuu wa utekelezaji wa programu, kwa kuwa madirisha halisi yanayoshikwa na winit, maktaba ambayo Bevy huitumia kufungua madirisha, hayafikiwi kutoka kwenye nyuzi nyingine, na Bevy, ambayo kwa kawaida hugawa mifumo kwenye nyuzi mbalimbali, huheshimu sharti hilo ukiliandika waziwazi.

La pili lilikuwa mpangilio wa wakati. Tuliongeza ratiba mbili baada ya ratiba ya kawaida ya masasisho: moja ya kujaza bafa, nyingine ya kuionyesha. Ukiziacha kazi hizi mbili katika ratiba moja bila kuzipanga, injini ina uhuru wa kuanza na yoyote, na picha inaweza kuonyeshwa kabla haijajazwa. Mchezaji ataona hali ya fremu iliyopita, ucheleweshaji wa takriban milisekunde 17 kwenye skrini ya fremu 60. Kwa mchezo wa kadi hilo halina madhara. Kwa jembe linalofuata mkono wa mtu, linahisika.

Mchanga wenyewe tuliutoa katika fremu kabisa na kuuweka katika ratiba ya hatua zisizobadilika, ambayo Bevy huiendesha mara 64 kwa sekunde usipoibadilisha. Mwanzoni mchanga ulikuwa unashuka hatua moja kwa kila fremu, na matokeo yake kompyuta yenye skrini ya fremu 144 ilikuwa na Tendaguru yenye mvutano mkubwa kuliko ya jirani yake. Baada ya kutenganisha, laptopu inayosuasua huendesha hatua mbili za mchanga kisha huchora mara moja, na yenye nguvu huchora mara kadhaa bila mchanga kusogea. Kwa sababu hiyo pia tuliitenga safu ya chembe na bafa ya rangi. Safu ya kwanza huhifadhi chembe ni ya nini kwa baiti moja tu. Bafa hujazwa kutokana nayo wakati wa kuchora. Kulikuwa na hoja ya kuzifanya kitu kimoja, yaani kusoma rangi ya pikseli ili kujua kama ni mchanga au jiwe. Inaokoa kumbukumbu kidogo, lakini siku msanii wenu akibadili kivuli cha udongo, jiwe litaanza kuporomoka.

Ukubwa wa picha ulihitaji hesabu. Skrini za laptopu nyingi tulizonazo zina pikseli 1366 kwa 768. Uwanja wa 320 kwa 180 ukikuzwa mara 4 unakuwa 1280 kwa 720, ukiacha ukingo mweusi wa pikseli 43 kila upande na 24 juu na chini. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 unakuzwa mara 6 kamili bila ukingo wowote. Maktaba ya pixels hukuza kwa nambari kamili, na hatukuibishia, kwa kuwa ukikuza kwa mara 4 na robo baadhi ya chembe zitakuwa nene kuliko wenzake na mchanga utaonekana una mistari. Ukubwa wa bafa na ukubwa wa uso wa dirisha ni vitu viwili tofauti: mtu akilivuta dirisha, plagini hubadili uso peke yake, na bafa inabaki ilivyo. Ukibadili vyote viwili, uwanja wa mchezo unapanuka kila mtu anapovuta kona ya dirisha, na mifupa iliyofichwa inachungulia.

Kasoro iliyochukua muda mwingi kuliko zote ilionekana siku tulipompelekea mchezo mwalimu mstaafu wa historia, mzee tunayemtegemea kwa habari za msafara. Alishika kipanya, akachimba mara mbili tatu, akavua miwani.

“Wajukuu zangu, mbona nachimba hapa na shimo linatoka kule?”

“Samahani, Mwalimu,” kijana aliyeandika sehemu ya kipanya akamjibu, “kwetu linatoka palepale.”

“Kwenu. Hii hapa ni yangu.”

Alikuwa na haki. Kompyuta yake ilikuwa imewekewa ukuzaji wa asilimia 125 ili maandishi yasomeke, na Bevy ikiulizwa mahali pa kipanya kwa njia ya kawaida hujibu kwa pikseli za kimantiki, zilizokwisha kugawanywa kwa 1.25, ilhali pixels huhesabu kwa pikseli halisi za skrini. Kipanya kikiwa katikati kabisa ya skrini, kwenye pikseli halisi ya 683, jibu sahihi ni 683 ukitoa ukingo wa 43, gawanya kwa 4, yaani safu ya 160, ambayo ndiyo katikati ya uwanja. Kwa Mwalimu, injini ilisema 546.4, toa 43, gawanya kwa 4, jembe linatua safu ya 125. Kosa lilikuwa dogo karibu na kona ya juu kushoto na kubwa kadiri mkono ulivyoelekea kulia na chini, ndiyo maana wengine walioonja mchezo kabla yake walidhani ni mikono yao. Dawa ilikuwa kuomba mahali halisi pa kipanya badala ya pa kimantiki, na kuiachia maktaba yenyewe kazi ya kugeuza mahali hapo kuwa pikseli ya bafa, kwa kuwa inajua ukingo na ukuzaji wake. Hata hivyo hesabu tuliiacha ndani ya plagini, mfumo wa jembe usiione. Anayeandika jembe apewe safu na mstari, asipewe skrini.

Rangi nazo zilikuwa na lao. Katika jaribio moja tulijenga tekscha kwa mkono badala ya kutumia iliyowekwa na maktaba, na udongo mwekundu ukatoka umepauka kama uliooshwa. Baiti zilizochaguliwa na msanii zimo katika mfumo wa sRGB, ambao hauendi sambamba na kiasi cha mwanga. Tekscha isipotangazwa kuwa ni ya sRGB, kadi ya michoro huzichukua baiti hizo kama mwanga halisi, kisha uso wa dirisha huzigeuza kuwa sRGB kwa mara ya pili. Thamani ya 128 hutoka ikiwa 188. Nyeusi na nyeupe hazibadiliki, ila za katikati zote hupanda, na katika mchezo ambao tabaka za ardhi hutofautiana kwa rangi za katikati, hasara ni kubwa: Tendaguru ina tabaka zenye dinosaria zinazopishana na tabaka za mchanga wa bahari, na mchezaji alipaswa kuzitofautisha kwa jicho. Aina ya tekscha ambayo pixels huitumia isipoambiwa vingine ni ya sRGB, basi tukairudia na tatizo likaisha.

Gharama ya kukizima kitengo cha uchoraji cha Bevy ililipwa katika maandishi na picha. Hakuna tena herufi za injini, wala spraiti, wala uwazi unaochanganywa na kadi ya michoro. Picha za mifupa tulizisoma kwenye kumbukumbu na kuzinakili mstari kwa mstari hadi kwenye bafa, tukiruka pikseli zenye uwazi kamili na kukata zinazotoka nje ya uwanja. Usipozikata, pikseli inayozidi ukingo wa kulia hujitokeza mwanzo wa mstari unaofuata upande wa kushoto, kwa kuwa safu ya baiti haijui kingo. Herufi zilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia, na hapa lugha yetu ilitupunguzia kazi. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo seti ya herufi za pikseli 8 kwa 8 yenye alfabeti ya kawaida, tarakimu, nukta na kibainishi cha ng' ilitosheleza kila neno la mchezo. Majina ya kisayansi kama Kentrosaurus na Dicraeosaurus, yote ya wanyama waliofukuliwa Tendaguru, nayo huandikwa kwa herufi hizohizo. Kikundi kingekuwa kinaandika Kiarabu au Kihindi, ningeshauri njia ya kwanza bila kusita, kwa sababu kupanga maandishi hayo kwa mkono ni mradi unaojitegemea.

Jambo jingine ni dogo lakini huangusha programu. Dirisha likishushwa kwenye Windows, ukubwa wake huripotiwa kuwa sifuri, na wgpu hukataa kuusanidi uso wenye upana wa sifuri. Plagini hulipuuza tukio hilo na kungoja ukubwa wa kweli. Laptopu ikifungwa kifuniko na kuamshwa, uso unaweza kuwa umepotea, na ombi la kuonyesha fremu hurudisha hitilafu badala ya picha. Hitilafu ya namna hiyo hutatuliwa kwa kuusanidi uso upya na kuiacha fremu hiyo moja ipite. Mahali ambapo umeme hukatika na watu hufunga laptopu ili kuokoa betri, tukio hili ni la kila siku.

Kwa sasa plagini ni faili moja, na mchezo mzima unaifahamu kwa milango miwili: kuomba bafa ya kujaza, na kuuliza kipanya kiko juu ya chembe ipi. Tumeanza kuupanua uwanja kuwa 640 kwa 360. Bafa inakua mara 4 na kufikia baiti 921,600 kwa fremu, ambazo kadi ya michoro inazipokea vizuri. Kilicholemewa ni kichakataji kinachopitia chembe 230,400 katika kila hatua, nyingi zikiwa zimetulia. Tumegawa uwanja katika viraka vya chembe 20 kwa 20, kwenye uwanja wa zamani 144 na kwenye mpya 576, na kiraka ambacho hakuna kilichosogea ndani yake wala kwa majirani zake kinarukwa hadi jembe likiguse. Uchoraji bado unaijaza bafa nzima kila mara, na tumekubaliana tusiuguse hadi vipimo vitakapoonyesha kuwa ndio unaochelewesha.